Kifuniko Kimoja kwa Kila Shimo

Yadi ya Mbolea,
Kisumu.
13 Januari 2025

Kwa Mama Rosa Ondiek, Port Victoria.

Mama,

Pokea salamu zangu. Hunijui, nami sikujui ila kwa jina, ambalo ni la kumi na saba kwenye orodha ya wakulima arobaini wa kando ya ziwa wanaolima mboga za kuuza. Naitwa Nanyama Waswa, nakaa Kaloleni. Nilimaliza kidato cha nne mwezi wa Novemba, na hii ni wiki yangu ya pili kazini kwa Bwana Ankit.

Bwana Ankit hutengeneza mbolea kutokana na vitu vilivyotupwa: mifupa ya mbuta kutoka viwanda vya samaki, magugu-maji yanayovutwa ziwani, na maganda yanayofagiwa sokoni. Mzee Oketch huvichanganya, huvigeuza, na huacha lundo lichemke lenyewe kwa miezi mitatu. Mwishowe huwezi kujua kipi kilikuwa samaki na kipi kilikuwa gugu.

Akina mama wenye bustani ndogo huinunua kwa ndoo, lakini ndoo haziwezi kulisha yadi yenye watu saba. Bwana Ankit anataka kujua kama wakulima wakubwa, wanaojaza lori, wataikubali. Amejipa hadi mwisho wa Machi. Ikionekana hamuitaki, atafunga yadi, na mifupa itauzwa kwa wanaosaga chakula cha kuku.

Ndiyo sababu umepokea gunia hili la kilo ishirini na tano, bure. Tafadhali lijaribu hivi: unapopanda, weka kifuniko kimoja cha soda cha mbolea hii kwa kila shimo, ichanganye na udongo, halafu weka mche. Usitie mbolea nyingine sehemu hiyo, ili tuone nguvu ya hii peke yake.

Kisha naomba uniambie mimea imekuwaje, kama ungependa kuinunua, na kama hapana, ni nini kinachokuzuia. Mzee Mark, dereva wetu, hupita Port Victoria kila Jumanne kuchukua mifupa. Ukimpa jibu atanifikishia.

Wako mtiifu,
Nanyama Waswa


Port Victoria,
28 Januari 2025

Nyathina Nanyama,

Nyathina ni mwanangu. Nakueleza kwa sababu kwa jina lako wewe ni Mbukusu, na huenda Kiluo chetu kinakupita.

Mark alinipa barua yako kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya mkiani. Ilikuwa imelala juu ya gunia njia nzima. Niliisoma mashine ya maji ikinipigia kelele, nikairudia ilipozimwa. Unaandika kama karani wa korti! Nani alikufundisha? Watu wa siku hizi wananitumia vidole gumba na vikatuni vya kucheka.

Sasa niambie. Mna orodha, na orodha ina namba zetu. Kwa nini hukupiga simu?

Nilipanda nyanya tarehe kumi na saba. Nimefuata maelekezo yako yote. Paka wote wa Port Victoria wamehamia kwangu. Wanakaa kwenye mistari kama wageni wa harusi wanaongojea chakula, wananusa kila shimo. Mwambie huyo Oketch kwamba samaki wake bado hajafa vizuri.

Umeuliza kinachotuzuia. Mimi nina ekari mbili, nyanya na hoho. Mnunuzi wangu anatoka Kondele na lori. Yeye haulizi nimetia nini, anauliza Alhamisi nina kreti ngapi. Mbolea ya dukani naijua. Nikiitia leo, najua mche utakuwa umefika wapi siku ya ishirini. Yenu siijui tabia, na hilo ndilo linalozuia watu, wala si harufu. Lakini udongo wangu umechoka. Kila msimu naulisha zaidi, na kila msimu unanipa kidogo kuliko uliopita. Kwa hiyo nasikiliza.

Gunia lako liliisha kwenye mistari miwili. Niletee mengine mawili. Hayo nitanunua.

Mama Lorine

(Ndiye Rosa Ondiek. Lorine ni binti yangu. Huku hakuna anayeniita Rosa isipokuwa watu wa benki.)


Kisumu,
3 Februari 2025

Mama Lorine,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama langoni, na Mzee Mark akaniuliza kama nimepata mchumba. Barua arobaini zilitoka hapa, na yako ndiyo pekee iliyojibiwa.

Umeuliza kwa nini sikupiga simu. Bwana Ankit aliniambia nipige. Alinipa simu ya kazi na orodha, akasema, "Piga hao wote. Waambie watumie kama ile ya dukani. Wakiwa na swali, muulize Oketch." Nilienda nyuma ya lundo la magugu nikajaribu: "Halo, naitwa Nanyama." Nikiliambia lundo, sauti ilitoka vizuri. Nikapiga namba ya kwanza. Mwanaume akasema, "Halo? Nani? Halo?" nami nikasimama tu na simu sikioni mpaka akanitukana na kukata.

Niko hivyo tangu darasa la sita. Nilikuwa najua jibu na mkono hauinuki. Nikipewa karatasi, hofu inaondoka. Kwa hiyo nilikaa siku tatu nikaandika barua arobaini kwa mwandiko wangu mzuri zaidi, na Bwana Ankit anadhani nilipiga. Aliniuliza, "Umemaliza arobaini?" nikajibu, "Ndiyo." Nimefikiria sana jibu hilo. Nadhani ni uongo.

Tafadhali usimwambie mtu. Mzee Mark anajua, lakini yeye anasema barua haziongezi uzito kwenye pikapu.

Kuhusu maelekezo, ni yangu mwenyewe. Bwana Ankit hakunipa kipimo, na kumuuliza Mzee Oketch niliogopa, maana anaongea kwa sauti kubwa hata akikusalimu. Lakini shuleni tulikuwa na shamba la mahindi, na mwalimu wa kilimo alitufundisha kifuniko cha soda, kimoja kwa kila shimo, mstari mzima bila kuruka. Nafurahi kwamba yamekufaa.

Magunia mawili yanakuja na barua hii. Poleni na paka.

Nanyama


Port Victoria,
18 Februari 2025

Nyathina,

Magunia yalifika. Nyanya zimefika magotini na rangi yake ni ile ya kijani inayokaribia nyeusi. Jana jirani yangu Masinde alisimama kwenye ua akazitazama bila kusema kitu, na Masinde si mtu wa kunyamaza. Andika hilo kwenye ripoti yako.

Kuhusu kifuniko cha soda nilitaka kukuambia neno, lakini litangoja tuonane.

Acha nikueleze habari ya Lorine. Alikuwa kama wewe. Akimimina chai mbele ya wageni, kikombe kinaimba kwenye sahani. Siku moja, akiwa na miaka kumi na sita, nilimpeleka sokoni anisaidie kuuza. Akapanga nyanya, laini chini na ngumu juu. Nikamkemea mbele ya wateja: "Huyu mtoto atanifilisi!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lorine hakurudi sokoni na mimi tena, hata siku moja. Sasa yuko Doha, anasafisha vyumba vya hoteli. Ananitumia sauti ya dakika moja kila Jumapili, nami nikimaliza kuisikiliza haibaki kitu mkononi. Barua yako naiweka kwenye Biblia, ingawa Biblia sasa inanuka mbuta.

Kwa hiyo siku hizi nikimwona mtoto amejitahidi, nafunga mdomo wangu.

Uliuliza kama wakulima watanunua. Watanunua kama itafika kabla ya siku ya kupanda na siyo wiki moja baadaye. Watanunua kama gunia la leo na la mwezi ujao ni kitu kimoja. Na mtu wa kwanza akifanikiwa, hutahitaji kuandikia wengine. Watakuja kuchungulia uani kama Masinde.

Mama Lorine


Kisumu,
3 Machi 2025

Mama Lorine,

Mambo yameharibika.

Wiki iliyopita Bwana Ankit alimtuma Mzee Mark apite kwa baadhi ya wakulima wengine awaulize. Karibu kila alipopita aliambiwa maneno yale yale: miche imedumaa, majani yamegeuka manjano, mbolea yenu ni udongo tu wa ziwani mliotia kwenye gunia. Upande wa Ahero kuna Bwana Waliaula, ambaye alipanda hoho nusu ekari nzima kwa lile gunia moja nililompa. Alimwambia Mzee Mark asirudi tena na pikapu hiyo kwake.

Bwana Ankit alisikiliza yote, halafu akaenda kusimama karibu na mizani akiwa ametugeuzia mgongo. Alisema mwisho wa Machi hauna haja ya kungojwa. Mzee Oketch hajaongea kwa sauti kubwa tangu Ijumaa. Sikujua kwamba siku moja ningeitamani sauti yake.

Nilimwonyesha Bwana Ankit barua zako, zile sehemu za shamba tu. Alisoma ya Masinde mara mbili. Akasema, "Mtu mmoja si soko. Lakini huyu mmoja alifanya nini?" Amesema atangoja jibu lako kabla ya kuwaambia wafanyakazi.

Kwa hiyo nakuomba unieleze kila kitu. Ni mbegu gani ulipanda? Unamwagilia mara ngapi? Udongo wako ni wa aina gani? Ulifuata maelekezo yangu, na wao waliyafuata, na nyanya zako ndizo zilizokubali. Kuna kitu ambacho sikioni.

Nanyama


Port Victoria,
4 Machi 2025, Mark akiningoja na injini inawaka

Nanyama,

Sikufuata maelekezo yako.

Niliposoma kifuniko cha soda nilicheka mpaka nikaketi kwenye ndoo. Kifuniko ni cha ile mbolea ya dukani, chembe zake ni kali, ukizidisha unaunguza mche. Hii yenu ni chakula cha kujaza tumbo. Nilitia kama nilivyotia samadi maisha yangu yote, viganja viwili kwa kila shimo. Ndiyo maana gunia liliisha mistari miwili. Nilikuandikia kwamba nimefuata kwa sababu barua yako ilikuwa nzuri na sikutaka kuitia doa. Uliponiambia habari ya shule na mwalimu wako, ndiyo kabisa nikashindwa.

Nilidhani kila mkulima atacheka kama mimi na kutumia mikono yake. Sikufikiria mwandiko wako. Barua ile inaonekana imetoka ofisi ya serikali, mwanangu. Watu waliitii.

Ningekuambia mwezi wa kwanza, hakuna hoho ya mtu ingekuwa manjano leo. Hilo ni langu, siyo lako. Kwa Lorine nilifungua mdomo pasipotakiwa, na kwako nikaufunga pasipotakiwa.

Sasa sikiliza. Miche ile ina njaa, haijafa. Wakiilisha wiki hii, viganja viwili kuzunguka kila shina na maji juu yake, mingi itainuka. Ikianza kutoa maua ikiwa na njaa, basi. Barua ya Jumanne ijayo itawakuta wamechelewa. Usiniandikie mimi, na wao usiwaandikie. Chukua ile simu.

Rosa


Kisumu,
10 Machi 2025

Mama Lorine,

Ulisema nisikuandikie, lakini ile kazi imekwisha, kwa hiyo naona naruhusiwa.

Mzee Mark alinipa barua yako Jumanne saa nane mchana. Niliisoma, nikaokota kifuniko cha soda, nikakijaza mbolea, nikakiweka kwenye mizani ya yadi. Mshale haukutikisika. Nikaweka viganja viwili, ukafika karibu robo kilo. Nilikaa chini nikapiga hesabu ambayo ningeweza kuipiga Januari uliponiambia gunia liliisha mistari miwili. Kwa kifuniko, gunia moja linapanda mashimo elfu tano. Kwa viganja, mashimo mia moja. Wewe ulikuwa umeniambia kila kitu, na mimi nilikuwa nasoma ile sehemu ya paka.

Nilikukasirikia kidogo, Mama. Nisamehe. Halafu nikakumbuka kwamba kama ningepiga simu, mkulima wa kwanza angeniuliza, "Natia kiasi gani?" na ningelazimika kumuuliza Mzee Oketch, na yote yangeishia hapo.

Nilimwendea Mzee Oketch kwanza. Sauti yake ilirudi yote. "Kifuniko! Wewe msichana umemlisha ng'ombe kwa kijiko cha chai!" Watu wa yadi wote walisikia. Halafu tukaenda kwa Bwana Ankit, nikamwambia habari ya barua, zote arobaini, na ya kifuniko.

"Kwa hiyo mbolea yangu bado haijajaribiwa," akasema.

"Bado, Bwana."

"Na wao wanadhani imeshindwa."

"Ndiyo."

Akasukuma simu mezani mpaka ikafika mbele yangu. "Piga."

Nilianza na namba ya kwanza, yule aliyenitukana. Anaitwa Bwana Mukhwana. Akasema, "Halo? Nani? Halo?" vilevile kama Januari. Nilikuwa nimeandika salamu kwenye karatasi lakini sikuisoma. Nikasema, "Kuna kosa kwenye barua niliyokuandikia." Nilianza na kosa kwa sababu kama ningeanza na salamu nisingelifikia. Akasema, "Kosa gani?" nami nikamwambia, na ikawa ni mazungumzo.

Wa pili alikata. Wa tatu alikuwa bado hajafungua gunia. Wanne walikuwa wamecheka kama wewe na kutumia mikono, na mboga zao ni nzuri, ila hawakusema kwa sababu hakuna aliyewauliza. Bwana Waliaula nilimwacha wa mwisho.

"Sasa ndiyo mnapiga?" akasema. "Nani aliandika ile karatasi?"

"Ni mimi."

"Nipe mkubwa wako."

"Mkubwa hakujua. Ni mimi."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

"Basi mbona ulijiandika kama waziri? Hoho zangu zimekonda kama kuku anayeugua mdondo!" Alinisema kwa dakika kumi na mbili. Mzee Oketch alikuwa ananiashiria nimpe simu yeye, lakini nilikataa, nikasikiliza mpaka akachoka. Halafu akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Viganja viwili ni vya mtu mzima au vya mtoto?"

Niliwapigia wote kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Mzee Mark na Mzee Oketch wamekuwa barabarani tangu siku ile na magunia na mapipa. Mzee Oketch analoweka mbolea nyingine kwenye maji na kuimwaga kwenye mashina ili ifike haraka. Bwana Waliaula amekubali robo ekari ishughulikiwe. Ile nyingine anasema ameshaisamehe.

Bwana Ankit hajafunga. Amesema soko halijasema hapana, kwa sababu halijaulizwa vizuri. Amesogeza siku hadi mwisho wa Julai. Kama nitakuwepo Julai sijui. Hajaniambia, na hilo sijathubutu kuliuliza.

Nilikuwa na namba yako pia, lakini sikukupigia. Kwako pekee sikuwa na kosa la kuanzia.

Nanyama


Port Victoria,
29 Aprili 2025

Nyathina,

Nimechuma mara tatu. Mnunuzi wa Kondele alipasua nyanya moja kwa kidole gumba, akala, akauliza kama nina za kutosha na wiki ijayo. Masinde amekuja uani, safari hii na gunia tupu mkononi, akitaka kujua linajazwa wapi. Nimeacha mstari mmoja wa kifuniko cha soda, niliupanda makusudi baada ya barua zako. Kila anayekuja namwonyesha huo kwanza. Mstari huo unafundisha kuliko mimi.

Lorine nilimpigia, siyo kumtumia sauti. Nilimwambia kuhusu ile siku ya soko. Nilidhani ameisahau. Alikuwa anaikumbuka mpaka rangi ya kanga yangu. Tuliongea mpaka pesa ya simu ikaisha, halafu akapiga yeye.

Leo Mark ameleta magunia yangu sita. Yana maandishi mapya. Nimevaa miwani nikasoma: "Viganja viwili vya mtu mzima kwa kila shimo. Ukiwa na swali lolote, piga namba hii, uliza Nanyama." Nimeyasoma kwa Mark kwa sauti, ingawa yeye ndiye aliyeyabeba. Amesema wewe ndiye uliyemwomba Bwana Ankit jina lako liwekwe, na kwamba uliomba kwa mdomo.

Basi nilikuwa na swali. Paka wamezaa kwenye stoo, kati ya magunia, watoto watano, na nilitaka kujua kama Oketch atawachukua maana ni wa kwake. Nimekupigia saa tatu asubuhi, saa tano, na sasa hivi tena.

Mara zote tatu simu yako ilikuwa inatumika. Ndiyo maana nimeandika.

Mama Lorine